Shotigani kuukuu ya mitutu miwili: ikague kabla haijalia

Swali hunijia lile lile kwa sura tofauti. Mtu amenunua shotigani ya mitutu miwili kwa familia ya mzee aliyefariki, au kwa mwenye shamba anayehama. Chuma kina jina la fundi wa Birmingham au Liège, mbao zimeng'aa kwa kushikwa miaka mingi. Naye anauliza: "Niweke risasi gani?" Hapo ndipo ninapomwomba asiweke yoyote.

Bunduki hizi si magobore. Hufunguka katikati kwa bawaba, hulishwa nyuma, na nyingine zilitengenezwa kwa ustadi ambao leo unagharimu pesa za kununulia gari. Nyingi bado ni nzima. Ila nyingine hung'aa nje huku ndani zimekwisha, na tofauti huioni ukiwa umesimama sebuleni kwa muuzaji. Karibu kila unachohitaji kujua utakijua bila kufyatua hata mara moja, kwa jioni moja tulivu mezani.

Kabla ya chochote, karatasi. Tanzania umiliki uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kenya ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Usichukue bunduki kwa ahadi ya "leseni tutaifuatilia". Kama aliyekuwa na leseni amefariki, familia yake haiwezi kukuuzia kienyeji kama inavyouza kitanda. Anzeni polisi.

Vitu vya kuandaa

- Meza yenye mwanga wa kutosha, na blanketi kuukuu juu yake
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali
- Mdeki wa kusafishia, vitambaa vya pamba, mafuta ya bunduki na mafuta ya taa kidogo
- Rula ya chuma yenye milimita, na kalipa ukiweza kuazima
- Kioo cha kukuzia maandishi
- Risasi bandia mbili za saizi ya bunduki yako, zile zisizo na baruti wala marisau (vipira vidogo vinavyorushwa na shotigani), zenye springi mahali pa kupigia
- Karatasi nyembamba ya kusokotea sigara
- Daftari

Risasi za kweli ziwe chumba kingine, zimefungiwa. Hili halina mjadala. Ukizichanganya na zile bandia kwenye meza moja, ipo siku utaokota isiyo yenyewe.

1. Hakikisha haina kitu

Elekeza mitutu mahali pasipo na mtu, sukuma wenzo wa juu kwa dole gumba, ifungue. Tazama chemba zote mbili, yaani nyuma ya mitutu risasi inapokaa, kisha ingiza kidole katika kila moja, maana jicho hudanganyika gizani. Halafu chungulia mitutu kutoka nyuma hadi mdomoni. Huku kwetu nyigu wa udongo hupenda sana matundu ya namna hii, na bunduki iliyokaa stoo miaka mitatu inaweza kuwa na kiota katikati ya mtutu. Marisau yakikutana na udongo ule, mtutu hupasuka. Usichungulie kutoka mdomoni, hata kama umeshahakikisha mara kumi.

2. Linganisha namba

Namba ya bunduki hupatikana kwenye chuma cha mtambo (sehemu ya kati inayofunga mitutu na kufyatua), mara nyingi pia kwenye mitutu na kwenye chuma cha kishikio cha mbele. Zote zilingane, na zilingane na iliyoandikwa kwenye leseni. Mitutu yenye namba nyingine huenda ilitolewa kwenye bunduki nyingine ikalazimishwa hapo. Ukiona chuma kimesagwa mahali pa namba, simamisha biashara. Hilo si suala la fundi tena.

3. Itenganishe vipande vitatu

Ondoa kishikio cha mbele, fungua mtambo, nyanyua mitutu itoke kwenye bawaba. Sasa una mitutu, kishikio, na kitako pamoja na mtambo wake. Ishia hapo. Usiguse skrubu. Skrubu za bunduki za Uingereza zina mfereji mwembamba kuliko ncha ya bisibisi yoyote ya duka la vifaa, na ukizilazimisha zinachunika. Skrubu zilizochunika ni ushahidi pia: zinakuambia kuna mtu aliyewahi kuingia ndani bila zana na bila adabu. Ziandike daftarini.

Futa grisi kuukuu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, hasa sehemu bapa iliyo chini ya mitutu, karibu na chemba. Tunayoyatafuta yako hapo.

4. Soma mihuri ya majaribio

Hatua hii wengi huiruka, na mimi naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Katika nchi kadhaa za Ulaya bunduki haiuzwi mpaka ifyatuliwe kwa risasi yenye nguvu kupita kiasi, katika nyumba ya majaribio inayotambuliwa na sheria. Ikistahimili, hugongwa muhuri. Birmingham wana nyumba yao tangu 1813; ya London iko chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopata hati yake 1637. Marekani haikuwa na nyumba ya serikali ya namna hiyo, kwa hiyo kwenye bunduki za huko, kama Parker au L.C. Smith, usitafute mihuri hii. Hapo utategemea vipimo na fundi.

Unachotafuta ni jibu la swali moja: bunduki ilijaribiwa kwa baruti gani? Baruti nyeusi ya zamani na baruti isiyo na moshi ya leo hazisukumi sawasawa. Kwa Birmingham, herufi BNP chini ya taji, zilizoanza kutumika 1904, maana yake ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Kwa London ni NP pamoja na mkono uliovaa deraya, umeshika upanga. Kwa Ubelgiji, muhuri wa Liège ni duara la yai lenye herufi ELG na nyota, nao wa baruti isiyo na moshi ni simba juu ya herufi PV. Usipoona alama ya aina hii, chukulia kwamba bunduki ni ya baruti nyeusi mpaka fundi athibitishe vingine.

Kuna mihuri mingine ya kukusaidia. Namba 12 na herufi C ndani ya almasi ni saizi ya chemba. Maneno NOT FOR BALL yaligongwa Birmingham na London kati ya 1875 na 1887 kwenye mitutu yenye choki, yaani iliyobanwa mdomoni, kuonya kwamba usipitishe risasi ya donge moja. Ukiyaona umeshajua umri. Kuanzia 1925 Waingereza waligonga pia urefu wa chemba, kama 2½, na uzito wa marisau, kama 1⅛ oz, ambayo ni gramu 32 hivi. Kuanzia 1954 utakuta nguvu kwa tani, mfano 3 TONS.

Angalia pia namba kama 12, 13 au 13/1. Hicho ni kipenyo cha tundu la mtutu siku ulipojaribiwa: 12 ni inchi 0.729, 13/1 ni 0.719, 13 ni 0.710. Fundi akipima leo akakuta tundu limepanuka kupita inchi 0.010 juu ya saizi iliyogongwa, takriban robo milimita, kuna mtu amekwangua kutu ndani, na kwa kanuni za Uingereza muhuri ule hauna nguvu tena.

Piga picha kila muhuri. Fundi atakuuliza.

5. Pima urefu wa chemba

Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, na mimi mwenyewe nimelifanya.

Bunduki nyingi za Uingereza za saizi 12, za kabla ya vita vya pili, zina chemba ya inchi 2½, yaani milimita 65. Risasi zinazouzwa sasa nyingi ni milimita 70, nyingine 76. Mtu huchukua risasi ya 70, huisukuma chemba ya 65, inaingia laini kabisa, mtambo unafunga, naye anasema imekubali. Haijakubali. Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishafunguka. Kabla ya kufyatuliwa ganda limekunjwa mdomo, kwa hiyo ile ya 70 ina urefu wa milimita 60 tu au pungufu. Ikilia, mdomo unakunjuka na kuingia kwenye koo la chemba, pale mtutu unapoanza kubana. Njia inakuwa nyembamba wakati mbaya kuliko wote, na msukumo unapanda.

Bunduki yangu ya kwanza niliilisha risasi za 70 misimu miwili. Haikupasuka. Ilinipiga begani kama punda, nami nikajidai kwamba ndivyo shotigani ilivyo. Mwisho shingo ya kitako ikapata ufa, na fundi alipopima chemba alinitazama tu bila kusema neno.

Kupima nyumbani: chonga kisahani cha mbao ngumu au plastiki chenye kipenyo cha milimita 20.2, kigundishe kwenye ncha ya kijiti kilichonyooka, ukisukume taratibu ndani ya chemba ya saizi 12. Kitasimama pale koo linapoanza. Weka alama kwenye kijiti usawa wa nyuma ya mtutu, toa, pima kwa rula. Ukipata karibu 65, nunua risasi zilizoandikwa 65 au 67.5 ambazo mtengenezaji mwenyewe ametaja kwamba zinafaa chemba za 65. Ukipata karibu 70, vizuri, lakini uliza kama chemba haikurefushwa baada ya muhuri kugongwa. Saizi 16 za Ulaya nazo mara nyingi ni 65. Kipimo hiki ni cha kukupa tahadhari. Cha uhakika ni geji ya fundi.

Ukiwa hapo, angalia saizi yenyewe. Risasi ya saizi 20, ambayo ni nyembamba kuliko ya 12, huteleza ndani ya mtutu wa saizi 12, ikakwama mbele ya chemba. Usipoiona ukaweka ya 12 nyuma yake, mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana maganda ya 20 kwa desturi ni ya njano. Kama nyumbani kuna bunduki zote mbili, risasi zake zisikae mfuko mmoja hata siku moja.

6. Chunguza mitutu, ndani na nje

Safisha ndani mpaka kitambaa kitoke cheupe. Shika mitutu kuelekea dirishani, chungulia kutoka nyuma, uizungushe polepole. Mtutu mzuri una miduara ya mwanga iliyonyooka kama ya kisima. Mduara ukivunjika au ukijikunja, kuna kibonyeo. Ukiona pete ya kivuli inayozunguka tundu zima, huo ni uvimbe: mtutu uliwahi kuziba na kufyatuliwa. Kibonyeo fundi mzuri anaweza kukinyanyua. Uvimbe ni habari nyingine, na mimi singeununua.

Vishimo vya kutu karibu na mdomo havitishi sana. Vilivyo karibu na chemba au kwenye koo vinatisha, kwa sababu hapo ndipo msukumo ulipo mkubwa. Kisha pitisha vidole nje ya mtutu huku umefumba macho. Vidole huhisi mawimbi ambayo jicho huyapita.

Jambo usiloweza kupima mwenyewe ni unene wa ukuta wa mtutu. Mafundi wa Uingereza huchukulia nusu milimita, inchi 0.020, kuwa kiwango cha chini katika sehemu ya kati. Kwa hilo kuna geji maalumu. Mlipe fundi.

Ukiona michoro kama mistari ya mbao au nywele zilizosokotwa kwenye chuma, hiyo ni mitutu ya Damaski, iliyotengenezwa kwa kusokota nyuzi za chuma na feleji kisha kuzizungushia nondo. Ni mizuri mno. Watu wengine husema yote ni mibovu, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa ipo iliyojaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Lakini kutu huweza kujificha katikati ya misokoto. Bila muhuri na bila fundi, itundike ukutani kama sheria inakuruhusu. Na jihadhari: nyingine zimepakwa weusi mchoro usionekane.

7. Isikilize

Ondoa vitoa-maganda kama vinatoka bila skrubu. Ning'iniza mitutu kwa kidole kwenye ndoana iliyo chini yake, igonge kwa kifundo cha kidole. Inatakiwa ilie kama kengele, na sauti ikawie. Ikitoa mlio mfu, au mtetemo kama wa sufuria yenye ufa, lehemu ya utepe unaounganisha mitutu pengine imeachia, na maji yamekuwa yakiingia humo miaka yote. Wazee wa kazi hii huanza na kengele kabla hata ya kutazama bei.

8. Tafuta mlegeo

Rudisha mitutu kwenye mtambo, lakini acha kishikio cha mbele nje, maana springi yake huficha mlegeo. Funga, shika shingo ya kitako, tikisa. Usisikie mchezo, usihisi mchezo. Kisha weka kipande kimoja cha karatasi ya sigara kati ya mitutu na uso wa mtambo, ufunge. Mtambo uliobana utakataa kufunga au utaing'ang'ania karatasi. Ukifunga na karatasi ikatoka kirahisi, kuna nafasi. Elekeza kwenye mwanga: mstari wa nuru kati ya mitutu na mtambo ni jibu tosha.

Tazama na wenzo wa juu. Kwenye bunduki isiyochakaa huishia kulia kidogo ya katikati. Uliopita katikati kwenda kushoto umeshakula chuma kingi.

9. Mbao

Nyufa hupenda shingo ya kitako, na pale mbao inapokutana na chuma cha mtambo. Kunja shingo taratibu kwa mikono, uone kama mstari unafunguka. Mbao nyeusi karibu na mtambo imekunywa mafuta miaka mingi kwa bunduki kusimamishwa mdomo juu, imelainika. Mengine ni mikwaruzo tu, na mikwaruzo ni historia.

10. Vifyatulio, sefti na ejekta

Unganisha bunduki yote, weka risasi bandia. Usifyatue bila hizo, kwani misumari ya zamani, ile inayogonga nyuma ya risasi, huvunjika ikipiga hewa.

Weka sefti (kizuizi cha kufyatua), vuta vifyatulio vyote kwa nguvu ya kawaida. Kimya. Achia, kisha toa sefti bila kugusa kifyatulio. Kimya tena. Mtambo ukilia hapo, sefti yako ni pambo. Gonga kitako chini mara chache juu ya blanketi, sefti ikiwa imetolewa: hakuna kinachotakiwa kuanguka. Halafu vuta cha mbele, kisha cha nyuma. Uzito wa kilo 1.6 hadi 1.8 ni wa kawaida, cha nyuma kikizidi kidogo. Kinachoachia kwa mguso wa unyoya kinarudi kwa fundi.

Kama ina ejekta, yaani vitoa-maganda vinavyorusha ganda lililofyatuliwa, fyatua mtutu mmoja tu, fungua: risasi bandia moja iruke, nyingine inyanyuke tu. Fyatua yote miwili, zote ziruke umbali unaokaribiana.

Kwa zile zenye nyundo za nje: baada ya kuanguka, nyundo inatakiwa ijirudishe nyuma kidogo. Isiporudi imeukalia msumari, na kufunga mtambo wenye risasi katika hali hiyo ni hatari.

11. Fundi, kisha uwanja

Peleka bunduki, daftari na picha kwa fundi mwenye kibali. Mlio wa kwanza uwe mbele yake au kwenye uwanja wa shabaha, mtutu mmoja kwa wakati, risasi nyepesi za urefu sahihi, miwani na vizuia sauti vya masikioni. Marisau ya feleji yaache kabisa kwa mitutu ya zamani. Yake ni marisau ya madini laini ya risasi. Kagua ganda baada ya kila mlio.

Mambo yakienda kombo

Haikulia. Subiri nusu dakika nzima mitutu ikiwa mbele, ndipo ufungue. Alama ya msumari ikiwa hafifu, springi imechoka au mafuta kuukuu yameganda ndani. Ikiwa pembeni, rudi hatua ya 8.

Mitutu yote miwili imelia kwa mvuto mmoja. Usirudie "kuona kama itatokea tena". Imetokea.

Mtambo umefunguka wenyewe kwa mlio. Vivyo hivyo, imekwisha kwa siku hiyo.

Ganda linatoka kwa shida. Likiwa na mikwaruzo, chemba ina kutu. Likiwa limechanika au limeparuka mdomoni, pima chemba upya. Pengine ni fupi kuliko ulivyodhani.

Kengele haikulia vizuri lakini utepe unaonekana mzima. Kabla ya kulaumu lehemu, hakikisha ulitoa vitoa-maganda, na kwamba kidole chako hakikugusa mitutu yenyewe. Mimi niliwahi kumkatisha tamaa jirani yangu juu ya bunduki nzima kabisa kwa sababu ya pete yangu ya ndoa.